Kibofu cha Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, anang'oa misumari kwa bisibisi bapa, wakati Mkurugenzi wa hospitali alipoanza kuhutubia kutoka chini ya kitovu cha fundi huyo.

"Wageni wetu wapendwa," alisema Mkurugenzi, "karibuni sana, na naomba mjisikie mko nyumbani."

Sauti ilikuwa nzito, ya kuvutavuta, sauti ya mtu aliyeshiba, na ilipita vizuri kwenye suruali ya kazi. Fundi alimalizia msumari aliokuwa ameushika, akautia kwenye kopo, kisha akajitazama tumboni.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani anashona foronya za mito ya kochi hilohilo. Mtaani walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, naye hakuwahi kulikana jina hilo. Alilizuia gurudumu kwa kiganja.

"Ni wewe huyo?" aliuliza.

"Sidhani," alisema Fundi. "Mimi sina wageni."

Muuguzi aliyemtoa mpira wa mkojo asubuhi ile alikuwa ameeleza yote ya kutarajia: mkojo kuchoma kidogo, damu kidogo, kwenda haja mara kwa mara, na mambo ya chumbani kusuasua kwa muda. Kuhusu hotuba hakusema kitu. Lakini muuguzi alikuwa na haraka, na Sindano alidhani amesahau tu.

Fundi alikwenda kukojoa, na Mkurugenzi akanyamaza katikati ya neno. Mchana Fundi alikunywa maji, kibofu kikajaa, na Mkurugenzi akaendelea palepale alipoishia. Hivyo ndivyo walivyoelewa utaratibu wake. Mkojo ukijaa, sauti inatoka. Mkojo ukitoka, sauti inakatika. Kwa watu walioishi na cherehani inayoshona vizuri ikipigwa kofi tu, halikuwa jambo gumu kulizoea.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani ya tezi dume. Ilikutwa mapema, uvimbe mdogo nusu ya kulia ya tezi, haujatoka nje wala kupanda popote. Daktari Bingwa alikuwa amewaambia kwamba siku hizi si lazima kisu. Ipo mashine inayopeleka mawimbi ya sauti kupitia njia ya haja kubwa, sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, na kuyakusanya yote mahali pamoja, namna watoto wanavyokusanya jua kwa miwani ya babu yao mpaka karatasi inatoboka. Pale yanapokutana panaungua. Pembeni hapaguswi. Unachoma nusu yenye ugonjwa, unaiacha nusu nzima, mgonjwa analala usingizi wa dawa, jioni anarudi kwake. Katika hayo yote Daktari Bingwa hakusema uongo hata kidogo.

Aliyewafungulia njia alikuwa mdogo wake Sindano. Alikuwa afisa itifaki wa hospitali, kwa hiyo kila mtu alimwita Itifaki, hata mama yao alipokuwa hai. Kazi yake ilikuwa kujua nani anakaa wapi, nani anapewa soda ya kwanza, na nani akipewa ya pili atanuna. Mashine ilipofika alihangaika huku na huku mpaka shemeji yake akawekwa wa kwanza kutibiwa. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza, alitibiwa siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi na wageni wengine waliokaa nyuma ya kioo. Sindano alibaki kwenye korido siku ile, amepakata viatu vya mumewe ndani ya mfuko. Aliona sahani za keki zikipita. Alidhani zinakwenda kwenye mkutano mwingine.

Sasa tumbo la mumewe lilimwambia zilikokwenda.

Kutafuna ndiko kulikomkera kwanza. Baada ya hotuba ya kukaribisha, kabla ya neno lolote la kidaktari, kulisikika mtu anatafuna. Kipaza sauti cha wageni, kile cha kuongea na Daktari upande wa pili wa kioo, kilikuwa kimewekwa karibu na sahani ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa mtu wa kula mdomo wazi. Ilisikika keki ikilowa, ulimi ukikwangua ufizi, mate yakimezwa, halafu kidole kikinyonywa. Sindano alijua, kwa kuwa alikwishaelezwa, mumewe wakati huo alikuwa amelalaje: miguu imepandishwa juu ya vishikio, makalio yameelekea kioo, kifaa cha mashine kimeingizwa kimepakwa jeli. Na watu walikuwa wamekaa wanamtazama hivyo huku wanakula keki. Alichukua mto mkubwa wa sponji akambana nao Fundi tumboni, lakini kutafuna kulipita kwenye sponji bila kupungua.

"Nikakojoe?" aliuliza Fundi.

"Kakojoe."

Siku kadhaa walikatiza hapo. Ikifika zamu ya kutafuna, Fundi alikwenda chooni, na akirudi kutafuna kulimngoja. Mwisho Sindano akakata shauri kwamba wasikilize mpaka mwisho, liwalo na liwe, maana mtu hawezi kuishi na mgeni rasmi aliyekwama kwenye keki. Aliandaa birika la chai nyepesi. Fundi alikunywa kikombe baada ya kikombe, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, amekunja mikono, anajikaza.

Kutafuna kulikwisha. Daktari Bingwa alieleza kwa sauti ya darasani kwamba ameuona uvimbe, na kwamba sasa anauchorea kisanduku kwenye skrini. Kitakachokuwa ndani ya kisanduku ndicho mashine itakachokichoma. Alisema amemaliza kuchora. Kisha mgeni rasmi akauliza, mdomo ukiwa bado na kitu:

"Mbona mnasema kulia, na mimi naona kushoto?"

"Swali zuri sana," alisema Mkurugenzi.

Daktari akaeleza. Picha za ndani ya mwili huonyeshwa hivyo dunia nzima, kana kwamba umesimama umetazamana na mgonjwa, kwa hiyo kulia kwake kunaangukia kushoto kwa skrini. Kila mwanafunzi wa udaktari hulijua hilo mwaka wa kwanza.

"Lakini kulia ni kulia," alisema mgeni rasmi.

Sindano alimsikia Itifaki akinong'ona, karibu sana na kipaza sauti: "Mzee, mgeni rasmi asiachwe na wasiwasi." Halafu Mkurugenzi akamwambia binti aliyekuwa akiendesha picha za mashine aigeuze. Kitu kikabofywa. Mgeni rasmi akasema, "Hapo sawa," akaendelea kutafuna.

"Daktari," ilisema sauti ya binti, yenye mafua. "Picha imegeuka, lakini kisanduku hakijahama. Kisanduku kiko palepale."

Kijiko kikagonga sahani.

"Daktari, sasa kisanduku kiko upande mzima, usio na uvimbe."

"Binti," alisema Mkurugenzi kwa upole, "wageni wana ratiba."

"Tuendelee," alisema Daktari Bingwa.

Hapo mvumo ukaanza. Ulikuwa mwembamba, zaidi ya mbu na pungufu ya kengele, na misumari ndani ya kopo ikajipanga yote ncha zikimwelekea Fundi. Uliendelea mpaka mkojo ukamshinda, akanyanyuka mbio akiwa amejishika.

Sindano alikwenda nje kwenye karo akatapika chai. Hakuwa na homa wala hakula kibaya. Ilikuwa karaha tu, karaha ya ile "hapo sawa". Aliporudi Fundi alikuwa amekwisha kaa.

"Kwa hiyo uvimbe upo," alisema Fundi.

"Upo."

"Na walichochoma ni upande wangu mzima."

"Ndiyo."

Fundi alifikiri. "Kochi nikilikosea, nalirudisha," alisema. Halafu akaanza kuokota misumari, kwa sababu kopo lilikuwa limejipindua lenyewe.

Walikwenda hospitali. Fundi alikunywa maji nyumbani na njiani, akatembea hatua fupifupi, magoti yamebanana, mkewe amemshika kiwiko. Kwenye chumba cha katibu wa Mkurugenzi waliambiwa wasubiri. Walisubiri mpaka tumbo, lililokwisha kumaliza mvumo nyumbani, likaanza upya lenyewe: "Wageni wetu wapendwa." Katibu aliposikia sauti ya bosi wake alisimama kwa heshima, akabana vifungo vya koti, akawafungulia mlango.

Ofisini alikuwepo Mkurugenzi, na Daktari Bingwa akaitwa, na Itifaki akaja bila kuitwa. Mkurugenzi alimpa Sindano mkono. Ulikuwa mkono laini, wenye unyevu, uliokaa ndani ya mkono wa mwenzake muda mrefu kupita kiasi, na Sindano aliufuta wake kwenye gauni waziwazi. Fundi alikaa kwenye kochi la ofisi. Hakuweza kujizuia kulibonyeza pembeni. Walikuwa wametia sponji ya bei rahisi.

Wakasikiliza yote, tangu kukaribisha mpaka mvumo. Mkurugenzi alifumba macho. Kwenye hotuba yake midomo yake ilifuatisha maneno, na mahali pa "mjisikie mko nyumbani" alitabasamu. Kutafuna kulipofika Itifaki alitazama dari. Kalamu zote mezani ziligeuka zikamwelekea Fundi, na Mkurugenzi akazirudisha moja moja kwenye kikombe chake.

"Sauti safi sana," alisema Mkurugenzi. "Mitambo yetu ya ukumbini haifikii hata nusu."

"Umemsikia binti alivyosema?" aliuliza Sindano.

"Nimemsikia. Yuko stoo ya mashuka siku hizi. Anafanya vizuri huko."

"Walichoma upande mzima."

Mkurugenzi alimgeukia Daktari Bingwa, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Daktari Bingwa alitazama kucha zake. Alikuwa mtu msafi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri.

"Kipimo cha damu kimeshuka," alisema.

"Kimeshuka kwa nini?"

"Kimeshuka kwa sababu nusu ya tezi haipo tena." Akasugua ukucha mmoja. "Uvimbe wenyewe haujaguswa. Niliujua siku ile nilipoangalia picha za baadaye."

"Ukakaa kimya."

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri ya kulisema jambo hilo," alisema Daktari Bingwa.

Hakulisema kwa ukatili. Alilisema kwa adabu, akimumunya maneno, na Sindano aliona kwamba mtu huyu alikuwa amekwenda nyumbani kila jioni, akala, akapiga mswaki, akalala, na hilo jambo lake limekaa mfukoni likingoja nafasi nzuri. Alitamani kumtemea mate. Mate yenyewe yalikuwa yamekauka.

"Anaweza kupona?" aliuliza.

"Anaweza kabisa. Uvimbe bado uko ndani ya tezi. Tukiuwahi kabla haujatoka, tunachoma nusu ya kulia na yamekwisha. Ukitoka nje, mashine hii haina kazi naye tena."

"Basi mrudie."

"Tutarudia," alisema Mkurugenzi, akapiga meza kwa vidole kama aliyefikiria mwenyewe.

"Bila wageni."

"Bila wageni, mama."

Fundi aliomba aonyeshwe choo. Walimwonyesha cha wakubwa, chenye zulia.

Kwa muda nyumba ikawa na matumaini. Fundi alimaliza lile kochi, akaanza jingine. Jioni, kibofu kikijaa, walimwacha Mkurugenzi aongee huku wao wanafanya kazi, na wateja waliokuja kuchagua vitambaa walisubiri hotuba imalizike kabla ya kuuliza rangi. Hakuna aliyeona ajabu. Mzee mmoja jirani alisema yeye goti lake lilikuwa likitabiri mvua, ila halikuwa na ufasaha kama huu.

Habari hizo zikamfikia mgeni rasmi.

Itifaki alikuja kwenye duka lao la mbele ya nyumba siku ya kazi, amevaa tai, akakaa ukingoni mwa kiti kisicho bado na mikanda ya kukalia, akazama.

"Dada," alisema, magoti yakiwa usawa wa kidevu, "ni wachache tu."

"Wachache nani?"

"Mgeni rasmi amesikia kuhusu shemeji. Kwamba sauti yake, yaani ya mheshimiwa mwenyewe, inatoka kwa shemeji. Amefurahi mno. Anataka kuwepo mara ya pili. Huwezi kumwambia mtu kama yule asije, dada. Ataketi, ataona, ataondoka."

"Na atatafuna."

"Keki ni desturi tu," alisema Itifaki. "Siwezi kumkalisha mgeni rasmi mdomo mtupu."

Sindano alimtazama mdogo wake. Alimbeba mgongoni mtu huyu, alimpangusa kamasi kwa kanga yake, na sasa aliiona tai yake ilivyokaa sawa katikati ya kifua, na akasikia kinyaa ambacho hakuwahi kukisikia kwa kamasi. Lakini mashine ilikuwa moja, na uvimbe haukuwa na subira. Alisema atakubali kwa sharti moja: safari hii yeye hatabaki kwenye korido. Atakaa ndani, nyuma ya kioo, atazame mwenyewe.

Itifaki alifikiri sana, maana mke wa mgonjwa hakuwa na mahali kwenye mpangilio wa viti. Mwisho alimpatia kiti safu ya pili, pembeni.

Siku hiyo Fundi aliingizwa akiwa amekwisha lala. Uso wake ulifunikwa na pazia dogo la kijani, na sehemu nyingine yote ilielekea wageni. Sindano alimtambua mumewe kwa kovu la patasi juu ya goti. Alitamani kwenda kumfunika. Mbele yake walikaa watu waliopaka manukato, wawili watatu wakijipepea, mmoja anauliza kama yale ni makalio au ni mapaja. Itifaki alipita na sinia.

Upande wa pili wa kioo kulikuwa na mtu mpya wa picha, ambaye alikuwa ameelezwa kwamba aliyemtangulia alipenda maswali. Daktari Bingwa aliuonyesha uvimbe kwenye skrini. Ulikuwa upande wa kushoto wa skrini, yaani kulia kwa Fundi, kama inavyotakiwa. Aliuchorea kisanduku, akakikagua, akainua macho akamtafuta Sindano nyuma ya kioo na kumwinulia dole gumba. Sindano alijiambia kwamba labda alimhukumu vibaya.

Mgeni rasmi alifika akiwa amechelewa. Wote walisimama, wakakaa. Alipewa sahani, akatafuna, akaegemea mbele, akaitazama skrini kwa muda.

"Mbona mnasema kulia," aliuliza, "na mimi naona kushoto?"

"Swali zuri sana," alisema Mkurugenzi.

Alizungusha kidole hewani. Mtu wa picha akabofya. Picha ikageuka. Kisanduku kikabaki palepale, juu ya kivuli cheusi cha nusu iliyokwisha kuungua.

Sindano alisimama. "Picha imegeuzwa," alisema.

Vichwa vikageuka kwa tabasamu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mkurugenzi, kwa hiyo upande wa pili wa kioo hakuna kilichosikika.

"Picha imegeuzwa. Kisanduku hakijahama. Wanataka kuchoma palepale."

"Mama anafuatilia vizuri," Mkurugenzi aliwaambia wageni, na mmoja wao akacheka kwa kumpenda.

Sindano alimtazama Daktari Bingwa. Yeye hakuhitaji kusikia. Alikuwa anakitazama kisanduku, na alikiona, hilo halikuwa na shaka. Mkono wake ulikuwa umesimama. Kukichora upya kungechukua muda, na mgeni rasmi alikuwa amekwisha tazama saa. Daktari aliinua macho kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alitikisa kichwa kidogo, bado anatabasamu, namna mtu anavyomkataza mtoto asiguse kitu mezani. Daktari Bingwa akainamisha uso.

"Dada, kaa," alinong'ona Itifaki, ameshika kiwiko chake. "Ukiendelea wanakutoa. Ukitoka nani atamwangalia shemeji? Kaa. Chukua keki, waone umetulia."

Akamtia sahani mkononi. Sindano alikaa. Alifikiri kwamba akiwa ndani bado anaweza kufanya kitu, na akiwa nje hawezi. Waliokaa mbele walikuwa wanamtazama kuona kama atakula. Akamega kipande akatia mdomoni.

Wakati huohuo Mkurugenzi, akiguswa na mandhari hayo, alisema kwamba si haki familia ikose neno, akanyoosha mkono juu ya safu ya kwanza na kuweka kipaza sauti mbele ya midomo ya Sindano.

Hiki ndicho alichokuwa anakitaka. Daktari Bingwa aliinua kichwa upande wa pili wa kioo. Mguu wake ulikuwa juu ya kibonyezo cha kuwashia mashine. Sindano alifungua mdomo, na mdomo ulikuwa umejaa keki. Ilikuwa keki ya limau, kavu, ya jana, iliyogandamana na kaakaa. Alitafuna. Watu wote walimngoja kwa uungwana. Alitafuna haraka, akakosa mate, akatafuna tena, na angeitema kama asingekuwa mtu aliyelelewa kutotema chakula mbele za watu. Akameza. Mguu wa Daktari ulishuka na mvumo ukaanza.

"Picha," alisema Sindano.

"Asante, mama," alisema Mkurugenzi, akikirudisha kipaza sauti kwake taratibu. "Makofi kwa mama."

Wakampigia makofi.

Nusu ya kushoto ya tezi ya Fundi iliungua mara ya pili, kwa ustadi, bila kugusa chochote cha pembeni. Daktari Bingwa alieleza baadaye kwamba hakuna mahali palipotibiwa kikamilifu zaidi ya pale. Nusu ya kulia ilikuwa kama ilivyokuwa, na uvimbe wake ndani. Kipimo cha damu kilishuka kidogo, kikasimama, kikaanza kupanda. Walipouliza habari za mara ya tatu waliambiwa jambo hilo liko kwenye ratiba, linategemea nafasi ya mgeni rasmi. Sindano aliuliza kuhusu hospitali nyingine na kisu. Aliambiwa hospitali nyingine haimpokei mgonjwa ambaye tayari ametibiwa kwa mafanikio.

Mpira wa mkojo ulipotolewa, sauti zilirudi. Safari hii kulikuwa na sherehe mbili, moja baada ya nyingine, na Fundi alihitaji birika kubwa zaidi. Hospitali ilileta viti vyake dukani, vya plastiki, na Itifaki akavipanga mwenyewe. Alhamisi wageni huja kusikiliza. Husikiliza kimya, wakiitikia kwa vichwa mahali pa hotuba, huku pini za Sindano zikitambaa sakafuni kumwelekea mumewe. Ikifika sauti ya binti wa mafua, wageni huulizana kama mwaka huu mafua hayajazidi. Mgeni rasmi alikuja mara moja, akajisikia anavyotafuna, akasema hakujua kama ana sauti nzuri hivyo.

Fundi alipungua uzito. Alianza kukaa akiwa ameegemea upande wa kushoto. Siku moja jioni, hakuna mgeni, yeye anakaza mkanda wa kiti cha mikono na Sindano anapindua foronya, sherehe ya pili ilifika kwenye keki. Fundi aliacha nyundo akasikiliza.

"Huyu wa kwanza namjua," alisema. "Ni yule mdomo wazi. Lakini kuna mwingine baada yake anatafuna harakaharaka, kama amekabwa. Huyo ni nani?"

Sindano alimalizia pindo, akakata uzi kwa meno.

"Ni mimi."

Walisikiliza wote wawili mpaka keki ikamezwa, mvumo ukaanza, na sauti ya Sindano ikasema lile neno moja, na watu wakapiga makofi.

"Ilikuwa ya nini?" aliuliza Fundi.

"Ya limau."

"Kavu?"

"Kavu."

Fundi aliinuka akashika ukuta, akaenda kukojoa. Makofi yalimfuata kwenye korido, yakaingia naye chooni, yakakatika. Sindano alipitisha ulimi nyuma ya meno na kukuta chembe ya keki kwenye jino la mwisho, mahali palepale anapoikuta kila jioni tangu siku ile, ingawa hupiga mswaki asubuhi na usiku. Aliitoa kwa ukucha, akaifuta kwenye aproni, akavuta foronya inayofuata.